Transfoma haina omu zake, jamani!

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Zamu za usiku zimenibana, na baridi ya Leeds mnaijua kwa kusimuliwa. Wale mnaoingia hapa kutafuta picha za theluji na bei ya ndizi za kupika, leo mtanivumilia, au piteni kimya kimya mrudi wiki ijayo. Leo nina ugomvi. Na ugomvi wenyewe ni wa transfoma.

Tangu mdogo wangu wa mwisho na wenzake waanze kuunda amplifaya ya valvu pale uani kwa mjomba, simu yangu haipumui. "Dada, tuagizie transfoma ya 5K." "Dada, tumeambiwa lazima iwe 5K, na itoke huko huko Ulaya, za hapa feki." Moja ni zaidi ya paundi mia. Wanataka mbili, ya kushoto na ya kulia. Bado posta, maana ni chuma kizito, bado ushuru. Hizo ni zamu za ziada ngapi, mmewahi kuzihesabu? Sikatai kutuma. Ninachokataa ni kutuma kitu ambacho anayekiomba hajui kwa nini anakiomba.

Na kabla mtu hajasema "nesi anajua nini mambo ya valvu", nikumbushe kwamba marehemu baba alikuwa fundi redio, na aliyekuwa anamshikia waya na tochi ni mimi, si kaka zangu waliokuwa kiwanjani wakicheza mpira. Nilishika chuma cha kulehemu kabla sijashika sindano.

Sasa sikilizeni. Transfoma ya kutolea sauti haina omu zake. Hiyo 5K mnayoiona kwenye kibandiko haimo ndani ya transfoma kama sukari ilivyo ndani ya kopo. Ndani mna waya wa shaba na vibati vya chuma, basi. Kilichomo kweli ni uwiano wa mizunguko: upande wa valvu umezungushwa mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa upande wa spika. Uwiano ukiwa 25 kwa 1, omu za spika zinazidishwa kwa mraba wa 25, yaani 625. Funga spika ya omu 8, valvu inaona 5000. Funga ya omu 4 kwenye waya zile zile, valvu inaona 2500. Funga ya 16, inaona 10,000. Transfoma ni ile ile! Kwa hiyo mtu akikwambia "nunua 5K" bila kukuuliza spika yako ni ya omu ngapi na valvu yako inakula volti ngapi, huyo anakuuzia kibandiko.

Kwa nini iwepo kabisa? Hapa nitumie kazi yangu. Chukua bomba la sindano lenye maji. Ukiweka sindano nyembamba mno, unasukuma mpaka kidole gumba kinauma, matone yanatoka kwa shida: msukumo mwingi, mtiririko hakuna. Ukitoa sindano kabisa, maji yanamwagika yote lakini hakuna msukumo wowote. Kazi inayofanyika ni msukumo mara mtiririko, kwa hiyo mwisho wote mmoja na mwingine kazi ni ndogo. Katikati kuna unene wa sindano unaofaa kidole chako, na kidole changu si chako.

Valvu ni kidole chenye nguvu lakini chenye mwendo mfupi. Ina volti nyingi na mkondo kidogo. Spika ni kinyume, inataka volti chache na mkondo mwingi. Wati 5 kwenye spika ya omu 8 ni volti 6.3 na mkondo wa karibu ampia 0.8. Wati 5 hizo hizo upande wa valvu, mzigo ukiwa omu 5000, ni volti 158 na miliampia 32. Transfoma inawapatanisha hao wawili. Lakini msuluhishi mzuri husikiliza pande zote mbili kwanza. Nyie mnataka kumleta akiwa na hukumu mfukoni.

Haya, 5000 ilitoka wapi? Twende kwenye EL84, maana ndizo walizonazo hao vijana, wamezing'oa kwenye redio mbili kuukuu za mbao. Karatasi ya kiwanda inasema: volti 250 kwenye anodi, mkondo wa miliampia 48 ikiwa imetulia, mzigo omu 5200, unapata wati 5.7. Sasa gawanya 250 kwa 0.048. Inakuja 5208. Si bahati nasibu! Valvu ikiwa imetulia ina nafasi ya kushusha volti kutoka 250 kuelekea sifuri, na ina nafasi ya kushusha mkondo kutoka 48 kuelekea sifuri. Mzigo unaofaa ni ule unaofanya nafasi hizo mbili ziishe pamoja.

Mzigo ukiwa mdogo, tuseme 2500, mkondo unaisha kabla volti hazijafika hata nusu ya safari. Kwa hesabu ya kwenye karatasi unapata kama wati 2.9. Mzigo ukiwa mkubwa, 10,000, volti ndizo zinazoisha na mkondo umebaki bila kazi: wati kama 3.1. Kwenye 5200 hesabu hiyo hiyo inakupa 6. Mnaona? Ukipotea chini unalia, ukipotea juu unalia.

Sasa ndugu zangu, hebu mwulizeni mdogo wangu transfoma ya umeme aliyoipata kule inatoa volti ngapi baada ya kunyoosha. Nimemwuliza mimi. Amepima: 300 kati ya anodi na kathodi. Tatu sifuri sifuri! EL84 hairuhusiwi kuzidi wati 12 za joto kwenye anodi, na 300 mara miliampia 48 ni wati 14.4. Valvu itapikika. Kwa hiyo ni lazima mkondo ushushwe, tuseme hadi miliampia 38, ambazo ni wati 11.4, salama. Gawanya 300 kwa 0.038. Inakuja karibu 7900. Yaani valvu ile ile, kwenye uani ule ule, inataka mzigo wa kama 8000, siyo 5000. Hiyo 5K ya paundi mia, ningeituma, isingelipuka, ingeimba tu, lakini ingetoa wati 3.6 mahali pa 5.7. Mnataka nilipie zamu mbili za usiku ili mpate pungufu?

Msiponiamini mimi, waaminini RCA. Walitoa karatasi ya 6V6, valvu iliyojaa kwenye redio na amplifaya ndogo za gitaa. Kwa volti 180 wameandika mzigo wa 5500, kwa volti 250 wameandika 5000, kwa volti 315 wameandika 8500. Kiwanda kimoja, valvu moja, mizigo mitatu. Sasa nyie mnaosema "6V6 ni 5K" mmesoma mstari mmoja mkafunga kitabu. Ni sawa na mtu kusoma dozi ya mtu mzima wa kilo 70 akampa mtoto wa kilo 12. Huku kwetu ukifanya hivyo leseni inaondoka.

Halafu kuna kundi la pili, hawa ndio wananikera zaidi kwa sababu wamesoma kidogo. Binamu yangu mmoja (anajijua, na anasoma hapa) aliniandikia kwamba kanuni ya umeme inasema mzigo ulingane na ukinzani wa ndani wa chanzo, ndipo nguvu nyingi kabisa ipite. Kanuni hiyo ipo, ni ya Jacobi, ya karne ya 19, na ni kweli kwa mahali pake. Lakini haijui kwamba valvu ina mipaka. Inachukulia kwamba unaweza kuvuta volti na mkondo kadiri unavyotaka. Ukinzani wa ndani wa 6V6 kwa volti 250 ni kama omu 50,000. Mzigo wake ni 5000. Wamelingana? Mara kumi tofauti! Chukua 2A3, triodi ya zamani: ukinzani wa ndani omu 800, mzigo uliopendekezwa 2500, wati 3.5. Huyu naye hakulingana, amezidisha kama mara tatu. Mmoja mzigo uko chini sana ya ukinzani wake, mwingine uko juu. Kwa pentodi unaangalia volti na mkondo kama nilivyoonyesha. Kwa triodi, kwa sababu yenyewe haiwezi kushusha volti karibu na sifuri bila gridi kuanza kunywa mkondo, unaanzia mara mbili ya ukinzani wake na kupanda. Ukipanda, wati zinapungua na sauti inazidi kuwa safi. Binamu, kanuni yako irudishe darasani ikapumzike.

Na hapo kwenye "sauti safi" ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu vijana wetu wamelogwa na wati. Kila ujumbe ni "Dada, itatoa wati ngapi?" Jamani, tofauti ya wati 5.7 na wati 4.5 ni desibeli moja tu. Desibeli moja! Mjomba akiwa anakohoa hamtaisikia. Lakini ile karatasi ya EL84 yenyewe inakiri kwamba kwenye wati 5.7 mkwaruzo umefika asilimia 10, yaani kile kinachotoka siyo kile kilichoingia kwa sehemu moja ya kumi. Mwaka 1947 Mskochi mmoja, D.T.N. Williamson, alichapisha kwenye jarida la Wireless World amplifaya iliyowafanya mafundi wa dunia nzima wapige magoti. Alitumia KT66 mbili akaziunganisha kama triodi, na mzigo wa omu 10,000 kutoka anodi hadi anodi. Akapata wati 15. Valvu zile zile zingeweza kumpa wati nyingi zaidi kwa mpango mwingine, alijua, akaziacha. Alichagua mzigo kwa kutafuta usafi. Kuchagua ndiko ninakokusemea hapa. Kuagiza tu mtu yeyote anaweza.

Kundi la tatu ni mafundi wa transista. Hawa ni wazuri, wanatutengenezea vyombo vya harusini na misikitini, lakini wakija kwenye valvu wanakuja na mazoea ya kwao. Kwenye transista ukishusha omu za spika unapata wati zaidi, na ukiacha bila spika hakuna kinachoharibika, hofu yao ni waya kugusana. Kwenye valvu ni karibu kinyume. Ukishusha omu hupati zaidi, mmeona hesabu. Na ukiwasha amplifaya ya valvu ukaisukuma kwa sauti kubwa bila spika, mzigo unakuwa mkubwa mno, transfoma inarusha volti juu kupita kiasi, cheche zinaruka ndani ya koili au kwenye soketi ya valvu, na ile gridi ya skrini inakula mkondo wa anodi mpaka inang'aa nyekundu. Transfoma ngapi zimekufa hivyo kisha ikasemwa "valvu ni vitu vya kizamani, havidumu"? Spika kwanza, swichi baadaye. Na mkiunga spika mbili za omu 8 sambamba, hizo sasa ni omu 4, msizirudishe kwenye waya wa 8 mkategemea miujiza.

Ngoja niseme na hili, maana kuna mtu atadhani omu 8 ni amri iliyotoka mlimani. Spika ya omu 8 ukiipima kwa mita inasoma kama 6. Ukiilisha sauti, pale besi inapovuma yenyewe inaweza kuruka hadi 30 na zaidi, halafu inashuka, halafu inapanda tena kwenye sauti za juu. Kwa hiyo hata hiyo 8000 mtakayoichagua kwa uangalifu, valvu itaiona mahali pachache tu kwenye wimbo. Pentodi bila mrejesho huifuata spika kama mtoto anayefuata ngoma: spika inapopanda omu, sauti inapanda nayo, besi inakuwa ya kugumia. Ndiyo maana lazima mrudishe sehemu ya sauti kutoka upande wa spika kwenda kwenye kathodi ya valvu ya kwanza ili kuituliza. Hilo halitoki kwenye bei ya transfoma pia.

Sasa nije kwa "za hapa feki". Hapa ndipo mliponiudhi hasa. Pale mjini yupo mzee anayesuka mota za pampu na transfoma za stabilaiza miaka yote. Mnampelekea mota ya kisima anairudisha inazunguka, maji mnakunywa. Leo amekuwa feki kwa sababu mtu kwenye video ana lafudhi ya Kizungu? Chuma hakina pasipoti. Mzee hakosi ufundi. Anakosa namba, kwa sababu nyie mmekwenda kwake mkamwambia "tusukie 5K", naye akawatazama, maana yeye anasuka mizunguko, hasuki omu.

Mpelekeeni hii. Vibati vya E na I vyenye nguzo ya kati ya sentimita za mraba 8 hivi, mfano 28 kwa 28 milimita, vinapatikana kwenye stabilaiza mbovu. Upande wa valvu mizunguko 2500 ya waya wa milimita 0.18. Upande wa spika mizunguko 80 ya waya wa milimita 0.8. Uwiano ni 31.25, mraba wake kama 977, mara omu 8 ni kama 7800. Ndiyo ile 8000 yenu. Asisuke upande mmoja wote kisha mwingine juu yake. Asuke 1250, aweke mizunguko 80 ya spika, kisha amalizie 1250, na kati yao karatasi nzuri ya kuzuia umeme, maana hapo pana volti mia tatu na zaidi. Hivyo sauti za juu hazipotei.

Na jambo ambalo mzee lazima aambiwe kwa sababu kwenye stabilaiza halipo: vibati visipishanishwe. E zote upande mmoja, I zote upande mwingine, na kati yake unene wa karatasi moja au mbili za fotokopi. Mkondo wa valvu moja unapita muda wote kwa upande mmoja, na bila upenyo huo chuma kinashiba, besi inakufa. Wanaotumia valvu mbili za kusukuma na kuvuta hawahitaji upenyo, kwa sababu mikondo miwili inafutana. Lakini nyie mna valvu moja kila upande. Kwa upenyo huo mtapata henri kama 20, na hizo zinatosha besi kushuka hadi Hezi 50 kabla haijaanza kuanguka kwa maana. Spika mlizonazo zenyewe hazifiki huko, msinidanganye.

Kama mnataka kabisa kutumia 5K, njia ipo na ni ya bei ya soda: shusheni volti ziwe 250 kwa rezista nene kwenye njia ya umeme, mrudishe miliampia 48, mzee asuke 2500 kwa 100. Mzigo unafuata valvu, au valvu inafuata mzigo, lakini mmoja lazima amfuate mwenzake. Mlichokuwa mnafanya nyie ni kuwaoza bila kuwakutanisha.

Na hili nalisema kama nesi, siyo kama fundi. Volti 300 hizo zikipita kifuani zinasimamisha moyo, na kapasita kubwa inabaki na umeme baada ya kuchomoa plagi. Wekeni rezista ya kuitoa, pimeni kwa mita mpaka isome karibu na sifuri, na mkono mmoja ukae mfukoni. Mdogo wangu, nimekuona kwenye picha umevaa ndala umeinama juu ya chasisi iliyowashwa, na mama yupo nyuma anakoroga uji. Sitaki kuiona picha hiyo tena.

Kwa hiyo hela ya transfoma za Ulaya siitumi. Hela ya waya, vibati na ujira wa mzee, mlipeni vizuri, msimpunje, naituma mara nikipata namba tatu kwa kila upande: volti kati ya anodi na kathodi, miliampia ikiwa imetulia, na spika ni za omu ngapi. Zipimeni wenyewe, msizinakili popote. Binamu naye kama ana hesabu ya kunipinga ailete, ila ije na namba, siyo na jina la profesa.

Naingia zamu saa mbili kasoro robo usiku. Shangazi, ile dawa ya presha usiiache eti kwa sababu unajisikia nafuu, nitapiga Jumapili.